Sikio Namba Mbili

Kwa mara ya tano Sajini aliiamuru seva ijiwashe upya, na kwa mara ya tano masikio yake manne ya kunasa TV yakaamka kila moja mahali pake. Alifungua picha ya namba sifuri: taarifa ya habari. Namba moja: mpira. Namba mbili: wanaume wawili wenye tai wakibishana mezani. Namba tatu: katuni. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akatazama tena. Hakuna lililokosea, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma roho.

"Mzee, si nilikuambia," alisema Msomi, fundi kompyuta wa ofisi ile, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mashine haina kosa. Ni nzima kuliko mimi."

"Wewe umeshamaliza vikombe vitatu vya kahawa na saa nne haijagonga. Kuwa mzima kuliko wewe si sifa."

Sajini hakuwa sajini tena. Alistaafu polisi, kitengo cha mawasiliano, miaka tisa nyuma, na siku hizi aliitwa na ofisi zenye matatizo zisizotaka yafike magazetini. Ofisi hii ilikuwa Hifadhi ya Matangazo. Kazi yake ilikuwa kurekodi stesheni za televisheni usiku na mchana na kutunza rekodi kwa siku tisini, ili mtu akilalamika kwamba ametukanwa hewani, Baraza la Malalamiko lipate nakala.

Safari hii aliyelalamika alikuwa daktari wa meno. Alidai kwamba Jumanne iliyopita, saa tatu usiku, mtangazaji wa kipindi cha mijadala alimpaka matope mbele ya nchi nzima. Baraza likaomba nakala. Jalada la mijadala la Jumanne likafunguliwa mbele ya daktari na wakili wake, na aliyetokea kwenye kioo hakuwa mtangazaji. Alikuwa sungura wa katuni, kavaa suruali, anaimba juu ya karoti. Wakili alicheka. Daktari hakucheka.

Mkurugenzi wa Hifadhi alishapata mkosaji. Alikuwa mtunza rekodi, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Kanda, ingawa kanda zenyewe zilitupwa siku nyingi. Mtangazaji yule alikuwa mume wa dada yake. Barua ya Mkurugenzi kwa Sajini ilisema kumbukumbu ya seva na daftari la mlinzi zilikubaliana hadi dakika: mashine iliwashwa upya Jumanne saa saba na dakika kumi, na wakati huohuo Mama Kanda alikuwa ndani ya chumba cha mashine. Kwa maneno ya Mkurugenzi, alibadilisha nyaya ili kumwokoa shemeji yake, kisha akazirudisha. Kikao cha nidhamu kilikuwa leo saa nane mchana. Barua ya kumfukuza ilikwisha chapwa. Ilibaki saini tu.

Seva ile wafanyakazi waliiita Bibi, kwa sababu ilikuwa kongwe, haikulala, na ilisikia kila kitu. Masikio yake yalikuwa vipokezi vinne vya TV, kila kimoja na waya wake kutoka kwenye king'amuzi chake. Viwili vya kwanza vilikuwa kadi zilizochomekwa ndani ya kiwiliwili cha Bibi. Viwili vya mwisho vilikuwa visanduku vyeusi vilivyoning'inia nje kwa nyaya za USB, mapacha wa kiwanda kimoja. Mfumo wa Bibi ulikuwa wa jamii ya Unix, na mifumo hiyo hukipa kila kipokezi namba wakati wa kuamka. Programu ya kurekodi haikujua visanduku wala nyaya. Ilijua namba. Mijadala ilikuwa namba mbili, katuni namba tatu, na mambo yakaishia hapo.

Sajini alishuku namba. Alishuku kwamba Jumanne namba mbili na namba tatu zilibadilishana bila mkono wa mtu. Lakini shaka haiingii kikaoni mikono mitupu, na Bibi alikataa kurudia kosa lake mbele ya shahidi.

"Hebu viulize namba zao za kiwandani," alimwambia Msomi. "Kila kifaa huzaliwa na yake. Tukijua kipi ni kipi, tutavipa majina ya kudumu na maneno yamekwisha."

Msomi aliandika amri, akageuza kioo ili mzee aone. Visanduku vyote viwili vilijibu: 0001.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Kiwanda kilichoka."

Sajini alikitazama kisanduku cha juu kama askari anavyomtazama mtu aliyetoa jina la uongo kizuizini. Kisha akainuka, magoti yakalia, akatoka kwenda ukumbini.

Mama Kanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya Mkurugenzi. Miguuni pake palikuwa na boksi lenye kikombe, kandambili, na kalenda ya mwaka uliopita. Alikuwa ameshafungasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mbona umekwisha jihukumu?"

"Sijajihukumu. Nimeokoa kikombe changu. Mwenzangu alipofukuzwa walimnyima hata mwavuli."

Sajini alivuta kiti cha pili. "Jumanne uliingia chumba cha mashine?"

"Niliingia. Saa saba na dakika kumi. Mkurugenzi aliniuliza hivyohivyo, nikamjibu hivyohivyo. Sikatai."

"Ulifuata nini?"

"Ndoo. Kiyoyozi kile kinavuja, tumekiwekea ndoo. Nikitoka kula naimwaga. Nisipoimwaga mimi, Msomi ataogelea humo ndani."

"Ukitoka kula," Sajini alirudia.

"Nikitoka kula. Kwani wewe unamwaga ndoo kabla haijajaa?"

"Na shemeji yako? Alikupigia simu wiki ile?"

"Shemeji yangu hupiga simu akitaka kusifiwa. Jumatano alipiga. Aliniuliza kama nilimwona. Nikamwambia nilikuwa nimelala." Alisogeza boksi kwa mguu. "Mzee, miaka kumi na tisa niko hapa. Nina watoto wawili shuleni. Kama ni kuniambia kibarua kimeota nyasi, uniambie sasa, nisikae hapa watu wakinipita wananitazama kama maonyesho."

"Kaa nusu saa," alisema Sajini. "Ukiona nimetoka nimenuna, ondoka na kikombe chako."

Alirudi chumbani na hakukaa. "Nionyeshe kumbukumbu ya Jumanne. Si muhtasari wa Mkurugenzi. Yenyewe."

Msomi aliifungua. Sajini aliweka kidole kwenye kioo, akishuka nacho mstari kwa mstari. Bibi alikuwa akiandika kila dakika chache, mambo madogomadogo, hadi 05:42. Hapo mistari ilikatika katikati ya sentensi. Mstari uliofuata ulikuwa wa kuamka: 07:10.

"Mtu akiizima kwa mkono inaandikaje?"

"Inaaga. Inafunga programu moja moja, inaandika mistari ishirini hivi."

"Hapa haikuaga. Imekatwa kauli." Kidole chake kilikuwa bado juu ya 07:10. Kilikaa pale muda mrefu. "Msomi. Isome hii."

"Sifuri saba, kumi."

"Isome kama unamwambia mama yako."

Msomi alisogeza uso karibu na kioo. "Saa moja na dakika kumi. Asubuhi."

"Niitie mlinzi. Aje na daftari lake."

Mlinzi alikuja na daftari kwapani na kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mwandiko wa kujivunia, na aliweka daftari mezani kama mtu anayeweka mkate. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa na mistari minne. Saa 2.00, Msomi. Saa 4.00, mfagiaji. Saa 7.10, Mama Kanda. Saa 8.15, Msomi tena.

"Wewe huandika saa gani?" aliuliza Sajini.

"Saa za watu, afande. Ziko nyingine?"

"Ziko. Bibi ana zake. Mfagiaji aliingia lini?"

"Saa nne. Baada ya chai."

"Kama hizi zingekuwa saa za Bibi, mfagiaji angekuwa amefagia saa kumi alfajiri."

Mlinzi alicheka kwa sauti. "Yule? Saa nne yenyewe tunamvuta."

"Na saa moja asubuhi ya Jumanne, chumba hiki kilikuwaje?"

"Kimefungwa. Ufunguo ninao mimi hadi saa mbili. Tena Jumanne naikumbuka. Umeme ulikatika alfajiri, geti lile la kusukumwa na mota nikalisukuma kwa bega. Ulirudi nikiwa nakanda bega langu, watu wanaanza kupita kwenda kazini."

Sajini alichukua daftari na kumbukumbu ya seva iliyochapwa, akaenda navyo kwa Mkurugenzi. Hakubisha hodi vizuri.

Mkurugenzi alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyeishi na ratiba za mitambo hata akazungumza kama ratiba. Alisikiliza hadi mwisho. Akatazama 07:10, akatazama 7.10, na shingo yake ikaanza kubadilika rangi.

"Nilimuuliza mwenyewe," alisema. "Nilimwambia saa saba na dakika kumi. Akakubali."

"Alikubali saa saba yake. Wewe ulimuuliza ya mashine. Mlikubaliana vizuri sana, kila mtu na saa yake."

Mkurugenzi aliinua kidevu. "Sawa. Hakuwamo saa moja asubuhi. Lakini alikuwamo mchana. Angeweza kubadilisha nyaya mchana bila kuzima kitu. Sungura hakuingia peke yake, Sajini. Fundi wangu alipima masikio yote Alhamisi, yalikuwa sawa. Wewe umepima leo mara tano, ni sawa. Mashine nzima haikosei usiku mmoja tu. Nionyeshe inavyojibadilisha yenyewe, mbele ya macho yangu. La sivyo, saa nane ni saa nane."

"Saa nane ya nani?" alisema Sajini, akafunga mlango.

Saa tano na nusu aliiwasha upya mara ya sita. Safari hii hakutazama kioo. Alipiga magoti nyuma ya Bibi, akaviangalia visanduku pacha, kila kimoja na taa yake ya kijani. Bibi alinyamaza, kioo kikawa cheusi, feni zikatulia, zikaanza tena. Taa za kijani hazikupepesa hata mara moja.

"Msomi. Mbona hizi hazizimiki?"

"Zinakula umeme wa USB, mzee. Ukiiwasha upya tu, matundu hayakatiwi umeme."

"Kwa hiyo sisi tunaisinzisha. Hatujailaza hata mara moja."

Msomi aliweka kikombe chini polepole. "Na Jumanne umeme ulikatika wote."

"Sema yote."

"Visanduku hivi vikikosa umeme vinasahau programu yao ya ndani. Bibi akiamka lazima avilishe upya, kimoja kimoja. Inachukua sekunde kadhaa, na si zilezile kila siku. Kitakachomaliza kwanza kinanyakua namba iliyo wazi." Alijikuna kidevu. "Lakini vikiwa na kumbukumbu yao, hakuna mbio. Vinajipanga kwa matundu, cha juu kwanza, cha chini baadaye."

"Jumatano uliigusa?"

"Niliiwasha upya tu. Ilikuwa nzito."

"Ukavipanga bila kujua, Alhamisi ukavipima ukavikuta vimepangika. Na wewe ulijua haya yote?"

"Nilijua vipande," alisema Msomi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. "Hakuna aliyeniuliza kwa mpangilio huo."

Sajini alishika waya mkubwa wa umeme. Msomi alimdaka mkono.

"Subiri. Diski za hifadhi zina miaka saba. Ukizikatia umeme ghafla zinaweza zisiamke, na rekodi zote za siku tisini zimekwenda na maji. Nizitoe kwanza."

Kuzitoa kulichukua dakika arobaini, kwa sababu bisibisi ya kufaa ilikuwa kwenye droo ambayo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu aliyekwenda likizo. Sajini alifungua droo kwa njia aliyojifunza kazini na ambayo haikuandikwa popote.

Mkurugenzi aliitwa. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, nyuma yake mlinzi akichungulia juu ya bega lake. Sajini alichomoa waya. Taa za kijani zikafa. Alihesabu hadi thelathini, akachomeka. Bibi aliamka akikoroma. Namba mbili: wanaume wenye tai.

"Mara ya kwanza," alisema Sajini.

Akachomoa tena. Akahesabu. Akachomeka. Namba mbili: mwanamume mwenye tai, safari hii akinywa maji.

Mkurugenzi alitazama saa ya mkononi. "Saa saba na robo. Ya watu."

"Sogea, unanizibia mwanga."

Mara ya tatu Sajini alihesabu kwa sauti, na alipofika thelathini hakuchomeka mpaka arobaini. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye ncha ya pua. Bibi aliamka. Msomi alifungua namba mbili.

Dubu mwenye kofia alikuwa akicheza dansi juu ya meza.

Msomi alifungua namba tatu: wanaume wawili, tai, meza. Hakuna aliyegusa waya hata mmoja wa king'amuzi.

"Rudia," alisema Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

Walirudia. Safari hiyo kila kitu kilirudi sawa, na Sajini akatamka neno ambalo mlinzi alijifanya hakulisikia. Walirudia tena. Dubu akarudi.

"Inatosha," alisema Mkurugenzi.

"Haitoshi bado. Rudisha diski," Sajini alimwambia Msomi. "Kama mijadala ilikuwa inasikia katuni usiku ule, basi katuni ilikuwa inasikia nini? Kuna aliyefungua jalada la katuni?"

"Kwenye jalada la katuni kuna katuni," alisema Mkurugenzi. "Mtu atafuata nini huko?" Alipomaliza kusema akashika paji la uso.

Diski ziliamka. Sajini alimwita Mama Kanda kutoka ukumbini; hakukuwa na mwingine aliyejua majalada yalivyopangwa. Aliingia na boksi lake, akaliweka juu ya kiti cha Msomi, akaandika tarehe bila kukaa. Katuni, Jumanne, saa tatu usiku.

Meza ikatokea. Nyuma ya meza, shemeji yake, kajaa kwenye kioo, kang'aa kwa poda.

"Yule si daktari wa meno," alikuwa akisema. "Yule ni seremala aliyepotea njia."

Mlinzi aliguna kwa kicheko. Mtangazaji akaendelea. Alisema watu watatu waliingia kwa daktari yule kwa miguu yao wakatolewa kwa machela. Alilitaja jina la daktari, akataja na mtaa. Alisema ushahidi anao, akapiga mfuko wa koti, na mfuko ulionekana wazi kwamba hauna kitu. Kicheko cha mlinzi kilikatika.

Mama Kanda alitazama hadi mwisho, mkono mmoja juu ya meza. Kisha akasimamisha picha.

Saa nane kasoro dakika kumi Mkurugenzi alirudi kutoka ofisini kwake na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kumfukuza, na aliichana vipande vinne mbele yao, akavitia mfukoni kwa kuwa hakuona pa kutupa. Akaanza kusema jambo juu ya saa, akakwama, akaliacha. "Nimekukosea, Mama Kanda," alisema. "Nitalisema tena kikaoni, mbele ya wote."

Wakati huo Msomi alikuwa ameshaandika kanuni mpya kwa maelekezo ya Sajini. Kwa kuwa pacha wale walikuwa na namba moja ya kiwandani, Bibi hataviuliza tena vinaitwaje. Atatazama kila kimoja kimechomekwa tundu gani. Cha tundu la juu ni mijadala, cha chini ni katuni, nani aamke kwanza si hoja. Walitoa diski tena, wakachomoa waya mara nne kujaribu. Hakuna dubu aliyetokea.

Karatasi ya pili bado ilikuwa mkononi mwa Mkurugenzi. Ilikuwa hati ya kuthibitisha kwamba nakala inayopelekwa Barazani ni ya kweli na haikuguswa. Chini yake palikuwa na mstari wa saini: mtunza rekodi.

"Hii anaweza kuitia saini Msomi," alisema, akikwepa macho ya Mama Kanda. "Ni mume wa dada yako. Hakuna atakayekulaumu."

"Mtunza rekodi ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Tangu lini? Tangu sasa hivi, au sikuwahi kuacha kuwa?"

"Hukuwahi kuacha."

"Basi lete. Msomi hajui hata tarehe inaandikwa upande gani."

Alitia saini polepole, akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, akapuliza wino. Mkurugenzi aliichukua hati akatoka nayo. Msomi na mlinzi wakamfuata, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Sajini alikuwa akikusanya miwani na kofia yake alipomwona Mama Kanda anatoa simu.

"Mzee, nirudishie mlango, tafadhali."

Aliurudisha, lakini bawaba zilikuwa za zamani na mlango ulibaki na upenyo. Alisikia simu ikiita upande wa pili, mara nne, mara tano.

"Dada? Shemeji yuko hapo karibu? Basi toka nje kidogo." Akasikiliza. "Hapana, hawakunifukuza. Kazi ninayo, na saini nimetia. Ndiyo maana nakupigia."